Ukivunjiwa fumbo lako la chesi usinune kama mimi

Kuna dogo mmoja wa Sanawari kule Arusha alinipigia wiki iliyopita, anasema chesi anaipenda kufa ila hana wa kucheza nae, mtaani kwao watu wanajua drafti tu, mashindano anayoyasikia mengi yako Dar na nauli hana, sasa afanyeje. Nikamwambia dogo achana na habari ya kutafuta mpinzani, tafuta mafumbo. Akanyamaza hadi nikadhani salio limeisha. Basi nikamuahidi ntaandika, na naandika hapa ili na wengine msome, maana kuna kosa nililifanya mwenyewe likanila miezi nane na sitaki kuliona kwa mtu mwingine.

Fumbo la chesi sio gemu iliyoishia njiani. Ni mtu kakaa kwake, kapanga kete ubaoni kwa makusudi, anakwambia tuseme nyeupe waanze na wapige chekimeti, yaani mfalme ashambuliwe na asiwe na pa kutokea, kwa hatua mbili, hata nyeusi wajitetee vipi. Hatua ya kwanza ndo tunaiita ufunguo na inatakiwa iwe moja tu, zikipatikana mbili fumbo limekufa. Kwa sisi tuliokulia kwa bibi hiki ni kitendawili tu, mmoja anatega mwingine anategua, ila hapa ukishindwa hakuna kuombwa mji. Na aliyetega anaweza kuwa Mrusi aliyefariki kabla bibi yako hajazaliwa, we uko Sanawari na chai yako ya rangi, mnabishana.

Mimi niliingia hivi. Nina steshenari ndogo hapa Moshi karibu na stendi, fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, na mnajua umeme ukikata steshenari inageuka duka la viti. Mbele yangu kuna fundi viatu, mzee wa miaka sabini na kitu, pembeni yake kijiwe cha drafti cha vizibo, na mzee ndo bingwa wa hapo, hata vijana wa bodaboda wanamuogopa. Umeme ukikata nahamia kwake. Siku moja nikawa nimeona kwenye simu fumbo la Richard Réti la mwaka 1921, kete nne tu, nikasema ngoja niwapelekee hawa wazee. Ubao wao una miraba 64 kama wa chesi, kwaiyo nikaweka kifungo cha koti h8 (herufi a mpaka h zinahesabiwa kushoto kwenda kulia, namba 1 mpaka 8 chini kwenda juu), huyo ni mfalme mweupe, kizibo c6, huyo askari wake. Mfalme mweusi a6, askari wake h5. Nyeupe waanze, watafute sare.

Wenye simu, mstari wenyewe ni huu: 7K/8/k1P5/7p/8/8/8/8. Herufi kubwa nyeupe, ndogo nyeusi, namba ni miraba iliyo wazi, unasoma kuanzia juu kushoto. Nimeuweka makusudi, ntaurudia.

Fundi akatazama mara moja akacheka. "Hapa ushakufa kijana wangu, agiza soda." Na kweli ukiangalia umekufa, askari mweusi anakimbilia h1 akawe malkia na mfalme wako yuko nyuma yake hatua mbili hamfikii, askari wako nae ana mfalme mweusi pembeni anamsubiri amle. Njia mbili, na tunajua njia mbili zilimshinda fisi. Nikasogeza mfalme g7. Wakasukuma askari. Nikaenda f6. Fundi akasema sasa huyu anaenda wapi, askari wake kule, wa kwetu huku, yeye anapita katikati kama ametoka kwenye mbege. Akaleta mfalme wake b6 ili ale. Nikaweka e5 nikamwambia haya mzee, kula. Akila, mfalme wangu anaingia f4 anamdaka yule mkimbiaji. Asipokula akaendelea kukimbia, naingia d6, askari wangu anasindikizwa mpaka juu, kila mtu anapata malkia wake, sare. Yaani kila hatua ya mshazari ilikuwa inasogelea pande zote mbili kwa pamoja na sisi tulikuwa tunaona upande mmoja tu. Mzee akaweka kiatu cha mteja chini akasema "hebu rudisha mwanzo", akarudisha kama mara nne, mteja amesimama na soksi moja. Soda sikulipa.

Toka siku hiyo nikawa mgonjwa wa mafumbo.

Sasa wenye ugonjwa huu duniani wako wengi na wamejipanga. Chombo chao kilianza 1956 Budapest kama kamati ya FIDE, yaani shirikisho la chesi la dunia, saivi ni shirikisho linalojitegemea. Wana kitu kinaitwa Albamu ya FIDE, inakusanya mafumbo bora ya kila miaka mitatu, majaji watatu kila mmoja anatoa alama mpaka 4 na fumbo lifikishe 8 ndo liingie. Likiingia umepata pointi moja, na ugrandimasta wa utunzi unataka pointi 70. Sabini! Wa kwanza kupewa cheo hicho, mwaka 1972, walikuwa wanne, mmoja wao Comins Mansfield wa Uingereza, mtu aliyefanya kazi miaka yote kwenye kampuni ya tumbaku na cheo kikamkuta ameshavuka sabini. Mi huyo mzee ananipa moyo kuliko mabingwa wote wa chesi, maana ni kama mimi na fotokopi zangu, ubao unaguswa jioni.

Kutegua nako kuna ubingwa wa dunia toka 1977. Wanakaa kama mtihani wa fomu foo, kila mtu na ubao wake, hakuna simu hakuna kompyuta, mafumbo matatu ya hatua mbili unapewa dakika 20, yanayofuata ya hatua tatu lisaa lizima, na kuendelea. John Nunn ambae ni grandimasta wa chesi ya kawaida aliuchukua mara tatu, 2004, 2007 na 2010. Kuna raundi moja nikiieleza kijiweni wanagoma kabisa, nyeusi ndo wanaanza, alafu pande zote mbili zinashirikiana mpaka mfalme mweusi apigwe chekimeti. Fundi akasema "huo si ugomvi, hiyo harusi." Hata hivyo nayapenda sana hayo, ila dogo usianze nayo, anza na ya hatua mbili.

Haya, kosa langu. Baada ya miezi kama mitatu ya kutegua nikajiona mtunzi. Nikapanga fumbo la hatua mbili, kete kumi na moja, ufunguo ni malkia anarudi nyuma kimya kimya, nilikuwa nalitazama kama mtu anavyotazama mtoto wake wa kwanza. Nikalituma kwa mhariri wa gazeti moja la mafumbo huko Ulaya. Siku mbili tu jibu limerudi, mistari miwili, hakuna habari yako, hakuna asante kwa kutuandikia. Limevunjika, 1.Sf4 nayo inaua.

Kwanza sikujua S ni nini, nikadhani kakosea kuandika. Kumbe S ni farasi! Wenzetu wa mafumbo farasi wanamwandika S, imetoka Kijerumani, Springer, yaani mrukaji, kwa sababu N wameitunza kwa kete nyingine ya kubuni inayoruka kifarasi mara kadhaa mfululizo. Kaa nalo hilo kichwani litakuokoa aibu. Nikapanga ubao, nikampeleka farasi f4, nikatafuta pa kumtetea mfalme mweusi nusu saa. Hakuna. Chekimeti kila upande.

Nikanuna. Niseme ukweli, nikajiambia huyu ameona natoka Moshi kanidharau, hata salamu kaninyima. Sikumjibu, ubao nikauweka juu ya kabati, miezi nane. Na kwa lugha yao fumbo likikutwa na ufunguo wa pili wanasema limepikwa, jambo ambalo mpaka leo silielewi, kwetu kitu kikipikwa ndo kiko tayari, kwao kikipikwa ndo kimeharibika.

Kilichonirudisha ni kisa cha padre. Mwaka 1895 kule Glasgow, Scotland, mwandishi wa safu ya chesi ya gazeti, Georges Barbier, aliweka gazetini kete nne, mfalme mweupe b6 na askari c7, mfalme mweusi a1 na ngome d5, akasema mwisho wake sare. Ngome inamkimbiza mfalme mweupe kwa cheki mfululizo, yaani kumshambulia kila hatua, akifika c2 ngome inasimama d4 kama inategea. Askari akiingia c8 akawa malkia, ngome inajitoa c4 kwa cheki, malkia akiila mfalme mweusi hana pa kwenda na hajachekiwa, sare. Kila mtu akakubali. Sasa mjini hapo alikuwepo padre wa Kihispania, Fernando Saavedra, mchezaji wa kawaida tu wala sio bingwa wa kitu, akasema hapana, askari akifika juu asiwe malkia, awe ngome. Tuliza akili uone. Sasa kuna tishio la chekimeti a8. Ngome nyeusi ikikimbilia a4 kuziba, mfalme mweupe anaingia b3, hapo anaitaka ngome na papo hapo anatishia chekimeti c1, vyote viwili haviokoleki. Nyeupe wanashinda. Barbier hakununa, alikichapisha alichoona padre, na leo ukimuuliza mtu wa mafumbo yeyote lile fumbo linaitwa kwa jina la padre.

Nikakaa pale steshenari nikajiona mjinga. Yule mhariri alikuwa amekaa na fumbo langu, la mtu asiyemjua, akaligeuza geuza mpaka akaliona lilipovuja, alafu akanionyesha bure. Salamu nyingi na sifa ningepewa na mtu ambae hakulifungua. Nikamwandikia kuomba radhi kwa ukimya, akajibu mstari mmoja, eti nisogeze askari mmoja farasi azibwe. Ndo walivyo, ukizoea unapenda.

Kwaiyo dogo, tegua kwa mkono kwanza. Mia, mia mbili, ubaoni kabisa, sio kwa macho kwenye simu, na usikimbilie mashine ukikwama, lala nalo, mi kuna moja nimelitegua kwenye daladala ya Kiboriloni nimeshikilia bomba. Mashine ina kazi yake baadae, ukishatunga. Kuna programu inaitwa Popeye, ya bure, unaiandikia kete zako inakutolea funguo zote zilizopo, ningeijua mapema ile 1.Sf4 ningeiona mwenyewe kabla ya kuaibika kimataifa. Ikisema liko salama angalia tena kama hakuna aliyelitunga kabla yako, maana mafumbo yanatungwa toka enzi na enzi na wazo lako zuri la saa sita usiku inawezekana mtu alilitoa 1930, kuna hazina za mafumbo mtandaoni za bure unatafuta kwa kete zako. Alafu lile fumbo moja usilitume kwa wahariri wawili kwa mpigo, hilo kwao ni kosa kubwa kuliko kuvunjika.

Kutuma hakuli bando, na ndo maana nilikuwekea ule mstari pale juu. Ubao mzima ni herufi na namba za mstari mmoja, meseji ya kawaida inabeba. Pesa usitegemee kabisa, watu wanashindania heshima tu, na majibu ya jaji yanaweza kuchukua mwaka na zaidi, kwaiyo kama we ni wa kutaka matokeo leo leo rudi kwenye drafti. Na kuna mashindano ya kutegua yanayofanyika siku moja nchi mbalimbali, kwa kawaida Januari, kila sehemu na msimamizi wake, na kundi la wanaoanza lipo. Hapa kati ya Moshi na Arusha tukipatikana hata sita na chumba chenye meza sioni kwa nini tusiombe, anayetaka aniambie, kuprinti juu yangu.

Fundi nimemfundisha kuandika hatua, anaandika kwa chaki kwenye soli. Mwezi uliopita nikampelekea fumbo langu jipya, hatua tatu, Popeye ameshalipitisha, nikamwambia mzee hili huliwezi. Kesho yake asubuhi sijafungua hata mlango ananiita, ufunguo ameuona, alafu akasema "lakini huyu askari wa g4 anafanya nini hapa?" Nikasema anazuia. Akasema hazuii chochote, mtoe uone. Nikamtoa, nikarudi kwenye mashine, ufunguo ule ule mmoja, fumbo limesimama bila yeye. Kwenye utunzi kete isiyo na kazi ni aibu, majaji wanakata hapo hapo. Nimelituma juzi na kete tisa, majibu mwakani.