Barua Zenu: Gavana na Bima Yake

SWALI: Shikamoo mama. Ninasoma sayansi ya siasa hapa Dodoma. Mhadhiri alitutajia Mitt Romney, gavana wa Massachusetts aliyeleta bima ya afya ya lazima mwaka 2006, halafu mwaka 2012 akagombea urais akiahidi kuifuta ya Obama, ambayo ni pacha wake. Nikauliza imekuwaje. Akajibu, "Ndiyo siasa hiyo," akaendelea na somo. Wewe uliishi kule. Je, alikuwa kigeugeu tu?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhadhiri wako alikukwepa, labda kipindi kilikuwa kinaisha.

Nilifika Lowell, mji wa Massachusetts, mwaka 2003, Romney naye ndio kwanza ameapishwa. Nilifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kuogesha na kugeuza watu kitandani, na bima sina. Mwaka 2005 mawe ya figo yakanishika, nikakimbizwa hospitali. Nilitibiwa. Sheria ya Marekani ya 1986, iliyosainiwa na Ronald Reagan, inazitaka hospitali zimshughulikie mgonjwa wa dharura hata kama hana senti. Bili ikaja wiki tatu baadaye. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaikunja, nikaitia kwenye kopo la majani ya chai, na sikuilipa. Deni hilo liliishia kwenye mfuko uliochangiwa na serikali ya jimbo, hospitali na kampuni za bima. Kwa maneno mengine, wenye bima ndio walionilipia.

Watu hudhani Romney alianza na huruma. Alikuwa mtu wa biashara, na bili kama yangu aliitazama kwa jicho la mhasibu: kwa nini aliyekata bima amlipie anayetegea? Anayeweza akate bima, asiyeweza asaidiwe, na anayeweza akakataa alipishwe kupitia kodi. Hesabu ya kihafidhina kabisa! Wazo la kumlazimisha kila mtu kuwa na bima lilikuwa limetolewa na Heritage Foundation, taasisi ya wahafidhina wenyewe, mwaka 1989. Tarehe 12 Aprili 2006, Romney alipoisaini sheria yake pale Faneuil Hall, Boston, mtu wa Heritage alipanda jukwaani kuisifu, na Seneta Ted Kennedy wa chama pinzani cha Democrats alikuwepo pia, yule yule aliyembwaga Romney kwenye useneta mwaka 1994. Siku hiyo sikusikia mtu akiiita sheria hiyo ujamaa.

Hata hivyo alikuwa ameshaanza kugeuza shingo. Alivikataa vifungu vinane vya sheria hiyo, kimoja kikiwa cha kuwatoza waajiri wasiochangia bima dola 295 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka. Bunge la jimbo, lililojaa Democrats, likavirudisha. Nadhani masikio yake tayari yalikuwa Iowa, jimbo ulikoanzia mchujo wa urais wa chama chake cha Republican, kwa wapiga kura wa huko.

Mimi nilipata kadi yangu mwaka 2007, kwenye mpango wa ruzuku kwa wenye kipato kidogo. Kufikia 2010 wasio na bima Massachusetts walikuwa kama asilimia 2 tu, kwa hesabu ya jimbo lenyewe. Ni nani asingependa kuringia kazi kama hiyo?

Balaa ni kwamba Machi 2010 Obama alisaini ya kwake, ikiwa na lazima ile ile. Kuanzia hapo wahafidhina hawakuitazama tena hesabu. Waliitazama sura ya aliyeishika. Tarehe 12 Mei 2011 Romney alikwenda Ann Arbor, Michigan, na picha zake za projekta, akaeleza kwa utulivu kama mwalimu wa hisabati: jimbo kuwalazimisha watu wake ni sawa, serikali ya Washington kulazimisha nchi nzima si sawa. Kikatiba hoja ina miguu. Lakini nenda kamwambie mtu mwenye hasira kwamba kinachomchukiza ni halali huku na haramu kule mtaa wa pili. Gazeti la Wall Street Journal lilimwita mgombea mwenza wa Obama. Tim Pawlenty, mpinzani wake kwenye mchujo, akayaunganisha majina ya wawili hao, akapata "Obamneycare".

Kilichonichekesha zaidi kilitokea Agosti 2012. Kundi lililomuunga mkono Obama lilitoa tangazo la mwanamke aliyekufa kwa saratani baada ya mumewe kupoteza kazi na bima. Msemaji wa Romney alijibu kwenye Fox News, televisheni inayopendwa na wahafidhina, kwamba familia kama ile ingekuwa Massachusetts, chini ya mpango wa Romney, ingekuwa na bima. Alisema kweli tupu, na wahafidhina walimrukia kama kavunja mwiko.

Sasa swali lako. Kwenye utoaji mimba Romney aligeuka, na hilo liko wazi. Kwenye bima, kosa lake mbele ya wahafidhina lilikuwa kutogeuka. Wangemsamehe angesema "nilikosea". Hakusema. Akaahidi kuifuta ya mwenzake, ya kwake akaibakiza mfukoni, na watu wakauona mfuko umevimba. Mwaka 2015, uchaguzi umeshapita, aliliambia gazeti la Boston Globe kwamba bila ya kwake hadhani ya Obama ingekuwepo. Ningetamani angelisema hilo pale Ann Arbor. Huenda angeshindwa mapema zaidi, lakini angeshindwa akiwa na kitu chake mkononi.

SWALI: Mama, faini ya kutokuwa na bima bado ipo huko? Kijana wangu anahamia Worcester, Massachusetts, mwezi ujao.
Baba wa mtu, Mombasa

JIBU: Ya serikali kuu imeshushwa hadi sifuri tangu 2019. Ya Massachusetts ipo, ile ile ya Romney. Mwambie kila Januari ataletewa karatasi kwa posta iitwayo 1099-HC, ya kuthibitisha kwamba alikuwa na bima. Asiitupe akidhani ni tangazo. Binti yangu hunipigia simu kila Machi kuniuliza ya kwake kaiweka wapi, kana kwamba mimi wa Tanga ndiye ninayefungua sanduku lake la barua.