Kebo ya eleroni inasoma chini: nikaze au nitafute kwanza?

SWALI: Mzee, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa ndege, mwaka wangu wa pili wa mazoezi, niko kwenye hanga moja hapa Kajjansi, Uganda. Wiki hii tumefungua Cessna 172 kwa ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka. Rubani aliandika kwamba bawa la kushoto linaelemea chini. Nilipima mkazo wa kebo ya eleroni (kibati cha nyuma ya bawa kinachoiinamisha ndege kushoto au kulia) saa moja asubuhi, ikasoma ratili 26. Mkubwa wangu akasema, "Kaza mizunguko miwili tuendelee." Lakini kwenye kadi ya kazi ya nyuma naona fundi wa Soroti aliipima kebo hiyohiyo mchana, akaandika 41. Halafu nilipopitisha kitambaa kwenye kebo ya eleveta (kibati cha mkiani kinachoinua na kushusha pua), kilinasa karibu na kapi la nyuma: uzi mmoja umekatika. Mkubwa aliuchukua kwa koleo, akaukata, akasema kebo ina nyuzi zaidi ya mia, mmoja si kitu. Sijaridhika, ila sina la kumjibu. Nifanye nini?

JIBU: Kijana wangu, nianze na huo uzi. Kama ndege haijatoka hangani, isitoke kwanza.

Hesabu ya mkubwa wako ni sahihi. Kebo ya usukani ya ndege kama hiyo kwa kawaida ni ya inchi 1/8, yaani kama milimita 3.2. Ina misokoto 7, na kila msokoto una nyuzi 19, jumla 133. Ukiipiga mizani, uzi mmoja kweli si kitu. Tatizo ni mahali ulipokatikia. Uzi unaokatika kwenye kapi haujakatwa na mzigo, umekatwa na kukunjwa. Kila rubani akivuta na kusukuma usukani, kipande kilekile cha kebo kinapinda juu ya kapi na kunyooka tena, maelfu kwa maelfu ya mara. Nyuzi za jirani zimepinda idadi ileile. Huo wa kwanza ni wa mbele tu kwenye foleni.

Ndiyo maana mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani, AC 43.13-1B, ambao mafundi wengi tunaufungua pale kitabu cha ndege kinapokaa kimya, hauna mjadala hapa. Uzi mmoja uliokatika kwenye sehemu ya hatari, kebo inabadilishwa. Sehemu ya hatari ni popote kebo inapopita juu, chini au kuzunguka kapi, inapopita kwenye kipande cha kuielekeza, popote inapokunjwa au kusuguliwa, na futi moja ya kwanza kutoka kwenye kichwa, kile kipande cha chuma cha mwisho wa kebo, kilichobanwa kwa mashine. Karibu na kapi la nyuma ni ndani ya maelezo hayo kabisa. Kwenye kipande kilichonyooka, mbali na kapi, baadhi ya vitabu vya ndege huruhusu idadi fulani ya nyuzi. Hicho si kipande chako.

Kosa kubwa zaidi kwangu ni ile koleo. Ukikata ncha ya uzi, inarudi ndani ya msokoto na kulala. Atakayekagua baada ya saa 100 nyingine atapitisha kitambaa, kitateleza kama kwenye kioo, na ataandika "safi". Mkubwa wako hakuondoa ubovu, ameondoa kengele.

Sasa namna ya kukagua, maana hapo vijana wengi mnadanganyika. Kuna Cessna 206 niliwahi kuipokea ikitoka Karamoja. Usukani ukiwa katikati nilipitisha kitambaa kebo yote ya eleveta, nikapata vumbi tu. Nikamwambia msaidizi asukume usukani mbele mpaka mwisho. Kipande cha kebo kilichokuwa kimelala juu ya kapi kikatoka nje, na nyuzi tatu zikasimama kama sharubu za paka. Usukani ukiwa katikati, kipande kilichochoka zaidi ndicho kinachojificha juu ya kapi. Kwa hiyo kagua kebo usukani ukiwa mwisho wa huku, kisha mwisho wa kule. Kitambaa cha pamba, pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa sababu uzi uliolala kuelekea mbele hautanasa ukisugua kuelekea huko. Usitumie mkono mtupu. Nyuzi hizo huingia kidoleni kama mwiba wa samaki na hukatikia humo.

Kitambaa kikinasa, fungua kebo, itoe kwenye mkazo, uipinde taratibu uone kama nyingine zinachomoza. Hapo pia utaona kutu ya ndani. Kwetu Uganda kutu ina pacha wake, vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, na rangi ni moja. Futa nje kwanza, kisha pinda kebo iliyolegea na kuisokota kinyume kidogo ili misokoto ifunguke. Wekundu ukiendelea kutoka ndani, usibishane na rangi. Ikiwa ni kutu, kebo imeisha. Ikiwa ni mchanga wa murram uliokaa katikati ya nyuzi, unazisaga kama msasa kila usukani unaposogezwa. Na ukiona nyuzi za nje zimelika hadi hutofautishi uzi na uzi, zimekuwa uso mmoja unaong'aa, zimekwisha nusu ya unene wake. Badilisha.

Msioshe kebo kwa petroli wala parafini, hata kama kila mtu hangani anafanya hivyo. Kiwandani kebo hutiwa mafuta ndani, na petroli huyaondoa yale yasiyofikika kwa kitambaa. Kitambaa kikavu kinatosha. Na msipake grisi nje "kwa usalama". Grisi na murram ni unga wa kusagia.

Makapi nayo yazungushe kwa kidole, moja moja. Kapi lililokwama linageuka kuwa msumeno: kebo inateleza juu yake badala ya kuzunguka nalo. Angalia mfereji wake, ukiwa umelika upande mmoja kebo haijapangika sawa. Na kwa hizi ndege zetu zinazolala nje Pakuba au Kidepo, angalia dondora. Nimewahi kukuta nyumba ya udongo imejengwa kati ya kapi na pini ya kuzuia kebo isitoke, na rubani alikuwa analalamika kwamba usukani "una uzito kidogo."

Tuje kwenye 26 na 41. Hapo hakuna aliyekosea kupima. Bodi ya ndege ni alumini, kebo ni chuma. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Chukua kebo ya mita 5, joto lipande kwa digrii 20: bodi inaizidi kebo kwa zaidi kidogo ya milimita moja. Milimita moja inaonekana ndogo, lakini kwenye kebo ya chuma ni ratili kumi na zaidi. Ndege iliyoanikwa juani Soroti saa nane mchana, bati lake linachoma mkono. Ndege hiyohiyo saa moja asubuhi Kajjansi, umande bado juu ya bawa, imesinyaa. Joto likipanda, kebo inakaza. Likishuka, inalegea.

Kitabu cha Cessna kwa 172 nyingi hutaka ratili 40, pungufu au zaidi 10, kwenye kebo ya eleroni inayovuka kutoka bawa hadi bawa, na kinasema wazi kwamba kipimo hicho ni kwa wastani wa joto la eneo. Hilo neno la mwisho ndilo watu wanaliruka. Thibitisha tarakimu kwenye kitabu cha mwaka wa ndege yenu, usichukue yangu. Wastani wa upande huu wa ziwa ni kama digrii 22, wala si saa moja asubuhi wala juani saa nane. Iache ndege hangani saa kadhaa, joto la bati na la hewa vilingane, kisha pima. Shika kipima mkazo mbali na vichwa vya kebo na vikazio (vile vipande vya kuzungushwa ili kukaza au kulegeza kebo), angalau inchi 6. Pima mara tatu, chukua wastani. Na hakikisha kipimo chenyewe hakijapitwa na tarehe ya kusahihishwa. Mngekaza asubuhi ile mpaka isome 40, ndege ingefika Soroti mchana na zaidi ya 50: usukani mzito, makapi na beringi zake zinaumia, na kebo inachimba mfereji.

Kama baada ya hapo bado inasoma chini ya 30, ndipo unauliza kwa nini. Kebo haijilegezi bila sababu. Kapi limehama? Bano la kapi limepasuka? Kichwa cha kebo kinachomoka? Kikazio kimejifungua kwa sababu waya wake wa kufungia umekatika? Ukikaza kabla ya kujua, umefunika jibu. Vichwa vya kebo viangalie kwa lenzi, hasa vya chuma kisichoshika kutu kwenye ndege kuukuu, maana aina fulani ya chuma hicho hupasuka taratibu pale penye unyevu hata nje pakionekana pasafi. Australia ilifika mahali pa kuamuru kebo zenye vichwa hivyo zitolewe zikifika miaka 15, bila kujali zinavyoonekana.

Bawa kuelemea halitibiwi kwa mkazo wa kebo. Ukikaza pande zote sawa, eleroni zinabaki palepale. Ukikaza upande mmoja, umepindisha mpango mzima. Muulize rubani kwanza: matangi yalikuwa sawa? Mpira wa kipimo cha mteleko ulikuwa katikati? Kisha linganisha flapu mbili (vibati vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) kwa kipimo, maana flapu iliyoshuka kidogo upande mmoja hufanya hivyohivyo. Eleroni zipimwe kama zote ziko katikati usukani ukiwa katikati. Vyote vikiwa sawa, kitabu cha 172 kinakupeleka kwenye viringo vyenye tundu lisilo katikati, pale mwamba wa nyuma wa bawa unaposhikana na bodi. Hapo ndipo bawa lenyewe linapopindishwa kidogo.

Siku mtakapokaza kweli: usukani ufungwe katikati, eleroni zishikwe katikati, na vikazio vizungushwe sawasawa. Hesi zisionekane zaidi ya tatu nje ya mwili wa kikazio, kila upande. Kikifika mwisho na kebo bado imelegea, hiyo si kebo ya kukazwa tena. Funga waya wa usalama mpya, usirudie wa zamani. Kisha pima mwendo wa eleroni kwa digrii, juu na chini, na uone vizuizi vya mwisho wa mwendo vinagusa.

Hatua hii ya kupima mwendo ndiyo inayorukwa saa za jioni. Januari 2003, Charlotte huko Marekani, Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kupaa, watu wote 21 wakafa. Siku mbili kabla, mafundi walikuwa wamerekebisha mkazo wa kebo ya eleveta na kuruka baadhi ya hatua za kitabu. Vikazio vilikuwa vimewekwa hivi kwamba eleveta ilipoteza karibu nusu ya uwezo wa kushusha pua. Ndege iliruka safari kadhaa hivyohivyo bila shida. Siku hiyo ilipakiwa nzito, uzito ukaelemea nyuma mno, na rubani aliposukuma usukani hakukuwa na cha kusukuma.

Mwisho kabisa, mwelekeo. Kaa kiti cha rubani, shika usukani kwa mikono miwili, vidole gumba juu. Ukigeuza kushoto, vidole gumba vinaelekea eleroni ambayo lazima iwe juu, ya kushoto. Mtu mwingine, ambaye hakushika kazi hiyo, arudie mwenyewe na atie sahihi yake. Novemba 2018 Embraer 190 ya Air Astana ilitoka kwenye matengenezo Ureno na kebo za eleroni zimewekwa kinyume. Marubani walipigana nayo angani zaidi ya saa moja kabla ya kutua Beja. Ile ilikuwa jeti yenye mafundi wengi na kompyuta.

Kuhusu mkubwa wako: huna leseni, huna sahihi, kwa hiyo usigombane. Una kalamu. Kwenye kadi ya kazi andika ulichoona, si unachofikiri: "Kebo ya eleveta, uzi mmoja umekatika, sentimita kadhaa kutoka kapi la nyuma." Weka kipimo halisi, na usajili wa ndege, 5X ya Uganda na herufi zake. Mpelekee yeye mwenyewe akiwa peke yake, kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa wenyewe, umwambie, "Mzee, naomba unieleweshe hapa." Wengi wetu tukionyeshwa ukurasa bila watu kutazama, tunaagiza kebo.

Na ile ncha aliyoikata, kama bado iko chini ya sakafu ya ndege, itafute kwa tochi. Itie kwenye bahasha uibane na kadi.