Barua kwa mwanangu: A na A wakazaa O

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza: jike anayezaa peke yake huzaa majike watupu, nao wote huzaa, ilhali anayehitaji dume nusu ya watoto wake ni madume wasiozaa. Ukoo wa kwanza ungeongezeka mara mbili ya wa pili kila kizazi. Mbona basi mageuko hayakuwafuta madume duniani?

Nimeshika kalamu nikujibu, na ninayemwona ni shangazi yako kando ya kitanda chako hospitalini, akiuliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "A na A wanazaaje O?"

Habari za homa ile unazijua, baba yako huzisimulia kila tukikutana. Hiki ndicho kipande anachokiruka. Ulikuwa na miaka saba, unahitaji damu, tukapimwa sote tujue nani atakutolea. Wewe kundi la damu O, baba yako A, mimi A. Damu yetu haikukufaa. Shangazi akasema neno lake, na baba yako akanyamaza. Siku mbili, mwanangu.

Mimi niliyekuwa nafundisha urithi darasani nikachukua fomu, nikaigeuza, nikachora kisanduku cha vyumba vinne. Mwenye kundi A anaweza kubeba A moja na O moja iliyojificha, na mtoto humpa moja tu kati ya hizo. Wazazi wawili wa namna hiyo, vyumba vitatu vinatoka A, cha nne kinatoka O. Baba yako akaitazama karatasi, akacheka, akaenda kukutafutia maji. Zile siku mbili nilikwisha kuzisamehe. Ile karatasi bado.

Tangu utotoni nakwambia, mtoto si nakala. Nina jozi 23 za kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, na katika kila jozi yai huchukua moja, bila kupendelea ya mama yangu wala ya baba yangu. Hiyo peke yake ni michanganyiko zaidi ya milioni 8. Zidisha na ya baba yako, unapita trilioni 70. Na kabla ya kuachana, kromosomu za jozi moja hukumbatiana na kubadilishana vipande, hivyo hata hesabu hiyo ni ndogo. Kwa sisi wanawake kubadilishana huko hufanyika kabla hatujazaliwa. Yai lililokuja kuwa wewe lilianza kuchanganya mambo yake nikiwa bado tumboni mwa bibi yako! Nimelifundisha hilo mara nyingi, na kila mara nilisita kidogo pale ubaoni.

Utasema mama hujajibu. Haya. Mwanabiolojia Mjerumani August Weismann, katika miaka ya 1880, alisema uzazi wa kijinsia upo ili kuleta tofauti, uteuzi asilia upate cha kuchagua. Nililisomesha kama jambo lililokwisha. Halikuisha. Mageuko hayaoni mbele, hayawezi kuweka akiba ya tofauti kwa ajili ya vitukuu huku gharama inalipwa leo. Gharama hiyo ndiyo mwanabiolojia Mwingereza John Maynard Smith aliyoipigia hesabu katika miaka ya 1970, na ndiyo uliyoniletea. Halafu kuchanganya huvunja pia. Mzazi aliyeishi hadi kuzaa ana jeni zilizokwisha kuonyesha kwamba zinaelewana. Kuna faida gani kuzitawanya? Wala kuchanganya hakuzushi jeni mpya. O yako hatukuitunga, tulikuwa nayo. Vipya huja kwa makosa ya kunakili, kadiri ya 60 au 70 kwa kila mtoto, mengi upande wa baba, na huongezeka jinsi baba anavyozeeka. (Kaka yako mdogo asilione hili, atapata kisingizio.)

Mimi naegemea vimelea. Kimelea hujifunza kufungua kufuli iliyo ya kawaida, na ukoo wa nakala una kufuli moja nyumba nzima. Anayezaa kwa kuchanganya hubadilisha kufuli kila kizazi, na faida anaiona kwa watoto wake mwenyewe, si kwa vitukuu. Kuna konokono wadogo wa maziwa ya Nyuzilandi, wengine huzaa peke yao, wengine hutaka dume. Mwanabiolojia Curtis Lively aliandika mwaka 1987 kwamba palipojaa minyoo vimelea ndipo madume walipokuwa wengi zaidi. Hapo huwa natulia.

Kisha nawakumbuka rotifa wa kundi la bdeloidi, vijidudu vya majini vilivyoishi mamilioni ya miaka bila dume anayejulikana, na utulivu unaisha. Ingawa hata hao wamekutwa na jeni za bakteria na kuvu, wameziokota huko nje. Kwa hiyo hata kwao mtoto si... Hapana, nalazimisha. Ukinibana nitasema vimelea. Usinibane.

Baba yako husoma barua zangu kabla sijazifunga, kwa hiyo kama alinishuku au alikuwa na hofu tu ya kukupoteza, atakwambia mwenyewe akipenda. Mimi sikumwuliza.

Ila shangazi yako. Unajua ni nani aliyekutolea damu siku ile. Yeye ni O. Mtu hawi O mpaka apate O moja kwa baba na moja kwa mama, maana yake babu na bibi yako wa upande ule wote waliibeba, na kaka yake angeweza kuipata kwao vilevile. Jibu la swali lake lilikuwa mkononi mwake, limefungwa pamba. Nililiona palepale na nikafungua mdomo. Lakini chupa ya damu yake ilikuwa bado inadondoka kwenye mshipa wako, nikaufunga.

Mama yako