Umiliki katika Kiingereza: mtazame mwenye mali, si mali

Kiswahili hutaja kitu kwanza, mwenyewe baadaye: kitabu cha mwalimu. Kiingereza hugeuza: the teacher's book. Hata mlolongo ukirefuka, anza na wa mwisho urudi nyuma. Gari la rafiki wa kaka yangu ni my brother's friend's car.

Makosa mengi ya ritifaa, yaani alama ya ('), hutokana na kuiweka kabla neno halijakamilika. Andika kwanza mwenye mali, awe mmoja au wengi, ndipo uongeze alama. Mmoja ni student, kwa hiyo student's. Wengi ni students. S ipo tayari, basi ritifaa pekee inatosha: students'. Idadi ya vitabu vyao haihusiki hata kidogo. Wingi usioishia kwa s hupewa 's kama kawaida: children's, women's, people's. Ukiona childrens', ujue mwandishi amebahatisha. Kwa jina kama James, James's na James' zote zinakubalika. Chagua moja usiibadilishe katikati ya maandishi.

Wakiwa wawili, angalia kama mali ni ya pamoja. Asha and Juma's house ni nyumba yao moja. Asha's and Juma's houses, kila mtu na yake.

Its, hers, ours, yours na theirs hazina ritifaa kamwe. It's ni mkato wa it is au it has, na who's ni wa who is au who has. Isome sentensi kwa kirefu: isipoleta maana, andika its au whose.

Kinachotusumbua sisi zaidi ni "-ake", isiyojali jinsia. Kiingereza hufuata jinsia ya mwenye kitu: Juma anampenda mama yake ni Juma loves his mother. Ukiandika her, mama huyo amekuwa wa mwanamke mwingine.

Usiseme the my book wala the Juma's book. Katika the teacher's book, the ni ya mwalimu, si ya kitabu.

Kwa vitu visivyo na uhai, of ndiyo salama: the end of the road. Muda, hata hivyo, hupenda ritifaa: today's newspaper, two weeks' leave. Na rafiki yangu mmoja ni a friend of mine, si a friend of me.