Ajali imetokea mbele ya nyumba: wasomaji wanauliza

Wanaoishi kando ya barabara kuu hufika kwenye ajali kabla ya trafiki na kabla ya gari la wagonjwa, na ndio hubaki pale wengine wote wakishaondoka. Barua za toleo hili zimetoka kwao. Majibu ni ya muuguzi wa dharura na mtaalamu wa afya ya akili wa safu hii.

Naishi hatua chache kutoka barabara ya Morogoro, upande wa Mlandizi. Siku 12 zilizopita lori na Noah viligongana alfajiri, watu wakafa. Nilitoka na kanga yangu nikamfunika mmoja wao. Tangu siku hiyo breki za lori zikilia naruka kitandani, nyama siwezi kuitia mdomoni, na kila nikifumba macho naiona ile kanga. Mume wangu anasema nisiizungumzie, nitasahau. Je, ninarukwa na akili?

Pole sana, mama. Hurukwi na akili. Mwili wako uliona hatari kubwa na bado uko zamu: usingizi mwepesi, moyo kwenda mbio, picha kurudi bila kuitwa, harufu au chakula fulani kuchukiza. Kwa watu wengi hali hii hupungua wiki hadi wiki ndani ya mwezi mmoja. Nyama iache kwa sasa, kula maharage au dagaa, utairudia bila kujilazimisha.

Picha ikikujia usiku, usibaki umelala ukipambana nayo. Kaa, weka nyayo sakafuni, washa taa, taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona chumbani. Kisha vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5 hivi. Pumzi ya kutoka lazima iwe ndefu kuliko ya kuingia, maana hiyo ndiyo hutuliza mapigo ya moyo. Wengi huvuta pumzi kubwa kubwa kwa haraka, wakaishia kizunguzungu na ganzi vidoleni, wakadhani wanakufa.

Asubuhi amka saa ile ile hata kama hukulala. Na barabara usiikimbie moja kwa moja. Nenda pale mchana, na mtu unayemwamini, msimame kando pa salama mpaka moyo utulie, ndipo mrudi. Ukikimbilia nyumbani hofu ikiwa kileleni, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho hofu inakuja mapema zaidi.

Jirani akikuletea vidonge vya usingizi, au akikushauri pombe, kataa. Valium hulaza usiku mmoja, lakini haisaidii kumbukumbu hii kutulia, na kuiacha baadaye ni kazi.

Mumeo tunamwambia hivi: usimkataze kusema, wala usimlazimishe asimulie yote. Kaa naye. Akisema, sikiliza, akinyamaza, msaidie kuchota maji na kupika. Nendeni hospitali ya wilaya mkaulize huduma ya afya ya akili ikiwa mwezi umepita na hali haijashuka. Msingoje mwezi kama hawezi kufanya kazi au kuangalia watoto, na akitaja kutaka kufa nendeni siku hiyo hiyo. Ipo tiba ya mazungumzo inayoishughulikia kumbukumbu yenyewe, na inafanya kazi.

Mwanangu wa miaka 6 aliona maiti ikipakiwa. Sasa anagonganisha magari ya makopo kutwa nzima, na amerudia kukojoa kitandani. Nimemwambia yule mtu amelala tu.

Hilo la kulala lirekebishe leo. Mtoto akiambiwa aliyekufa amelala, ataogopa kulala, au atakuamsha usiku kuhakikisha u hai. Mwulize kwanza yeye aliona nini, kisha mwambie kwa maneno yasiyozunguka: "Amekufa. Mwili wake haufanyi kazi tena, hapumui, na hasikii maumivu." Maneno ya dini ya nyumbani kwenu yafuate baada ya hapo.

Mchezo wa kugonganisha usiukataze, ndiyo njia yake ya kulielewa jambo. Ila ukiona kila siku unaishia pale pale, watu wote wamekufa, keti naye chini umwongezee kopo la kuwa gari la wagonjwa, muuguzi, mtu anayepona. Kitanda badilisha bila kumchapa wala kumtania mbele ya wenzake. Shule arudi mapema. Mpe wiki 4. Asipopata nafuu, mpeleke hospitali.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Nilivuta majeruhi kwa mikono mitupu na nilikuwa na mchubuko kidoleni. Niogope?

Damu iliyogusa ngozi isiyo na jeraha haileti VVU. Iliyoingia kwenye jeraha bichi, jichoni au mdomoni ndiyo ya kushughulikia. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue jeraha, usipake JIK wala spiriti, vinachoma nyama na kufungua njia zaidi. Kisha nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo uombe dawa za kuzuia maambukizi, yaani PEP. Lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na humezwa siku 28 bila kuruka. Ikiwa unasoma hapa muda huo umepita, pima sasa, urudie baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3. Uliza pia kuhusu homa ya ini aina B, kwa kazi yako chanjo yake unaihitaji.

Damu imebaki mbele ya geti letu, watu wameifukia mchanga. Tuisafishe vipi?

Subirini kwanza polisi wamalize kupima na waruhusu. Vaa glavu na viatu vilivyofunika mguu. Zoa mchanga wote kwa koleo, ufukieni mbali na kisima. Palipobaki mwagieni JIK ya asilimia 3.5, kopo 1 kwa makopo 6 ya maji, ikae dakika 10, ndipo msuuze. Kosa la kawaida ni kumwaga JIK juu ya damu nzito: inaishia juu juu, chini panabaki vile vile. Usiichanganye na dawa ya kusafishia choo, hutoa hewa ya sumu. Kanga iliyomfunika marehemu, kama ndugu hawaihitaji, ichomwe au izikwe.

Ikitokea tena, tufanye nini kabla polisi hawajafika?

Mmoja apige 112 polisi, au 114 zimamoto kama mtu amebanwa au mafuta yanavuja. Wawili waende kuonya magari, mmoja kila upande. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo tawi lililowekwa mita 10 kutoka kwenye ajali halimwokoi mtu. Nendeni mita 100 au zaidi, na penye kona, kabla ya kona. Matawi yaondoeni baadaye. Zimeni swichi za magari, na palipo na petroli pasiwe na sigara. Lori la mafuta likipinduka, kaeni mbali kabisa: Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya mafuta waliyokuwa wakiyachota kulipuka.

Kosa linaloua au kulemaza ni kumnyanyua majeruhi mikono na miguu na kumtupa kwenye pikapu. Uti wa mgongo uliovunjika hukatikia hapo. Kama hakuna moto, mwacheni alipo, mmoja ashike kichwa kisigeuke. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizwe kwa kitambaa safi na viganja viwili, bila kufunua kila dakika kuangalia. Asiye na fahamu akitapika, watu watatu wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, kama gogo. Maji ya kunywa msimpe, huenda akahitaji upasuaji.

Polisi wanataka maelezo yangu, nami nina picha za ajali kwenye simu.

Eleza ulichokiona kwa macho yako tu. "Nilisikia kishindo, nilipotoka nikakuta lori limelala" ni ushahidi. "Lori lilikuwa mwendo kasi" si ushahidi kama hukuliona likienda. Soma maandishi yote kabla ya kutia saini, uandike jina na namba ya askari aliyekuhoji.

Picha mpe askari, usizitume kwenye makundi ya WhatsApp. Mama wa marehemu hastahili kuujua msiba kwa kuona uso wa mwanawe kwenye simu ya jirani. Picha nyingine ndizo tunakuomba upige: za barabara yenyewe mchana, kona, alama iliyofichwa na majani, kivuko kilichofutika rangi. Ziambatisheni na barua ya serikali ya mtaa yenye tarehe na saa za kila ajali mnayoikumbuka, mpeleke kwa meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, au TARURA kama ni barabara ya mtaa. Bakini na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.