Mkuu, usichapishe hiyo fomu ya tiki!

Umesema gesti yako ya Bagamoyo inafunguliwa mwezi ujao, umepewa fomu ya ukaguzi yenye vipengele 80 vya kuweka tiki, na unauliza uchapishe nakala ngapi. Hata moja usichapishe! Fomu ya namna hiyo ndiyo iliyonimaliza hapa Tanga.

Niliuziwa na "mshauri wa usalama", bwana wa tai na laptopu, akaniapia kwamba wakaguzi wataipenda. Waliipenda kweli. Jenereta ndiyo haikuipenda.

Ilikuwa inavuja oili kidogo kidogo kwenye nati ya chini. Kila asubuhi kijana wa zamu anapita: oili, tiki. Siku ya harusi, vyumba vimejaa, umeme ukakatika, jenereta ikawaka, ikaunguruma wee, ikanoki. Nikakimbilia fomu nipate wa kumshika. Tarehe ilikuwa 19; tiki zimeshafika 30. Peni moja, mkono haujanyanyuka. Kijana simlaumu sana, visanduku 80 kabla ya chai hata malaika angetiki tu. Na ile swichi ya kuzima injini oili ikipungua? Fundi alishachomoa waya wake, eti "inasumbua". Ovahoo (kufumua injini nzima), krenki mpya, na bibi harusi kupambwa kwa tochi ya simu, vyote juu yangu. Mshauri hapokei simu mpaka leo.

Sasa shika hili: tiki marufuku, iandikwe namba. Injini ikiwa imezimwa na kutulia, achomoe kijiti cha kupimia oili, akifute, apime tena, aandike oili imesimama wapi, ameongeza kiasi gani, mita ya saa (inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi) inasoma ngapi, na jina lake. Ningeona "nimeongeza nusu lita" mara tatu kwa wiki, hata mimi ninayetengeneza injini kwa teke ningejua inavuja. Na mita ndiyo inayokuambia lini umwage oili uweke mpya. Kitabu cha mashine yangu kinataka kila saa 250. Fundi anasubiri "iwe nyeusi", wakati oili ya dizeli huwa nyeusi mapema tu.

Mitungi ya kuzimia moto vilevile. Ule wa kaboni dayoksaidi hauna mshale wa presha, hupimwa kwa uzito. Kwangu ulikuwa umetikiwa "mshale uko sawa"!

Ulitaka na idadi ya mitungi kwa vyumba 12? Waulize Zimamoto. Mengine uliyouliza nimeyasahau. Nunua kaunta buku, kurasa uzipe namba zisichanwe, vipengele visizidi saba. Peni ifunge kamba, itaibiwa.