Kanjo, polisi na soja wa mlangoni: nani anaruhusiwa kukupekua hapa Kenya?

SWALI: Mimi nauza mitumba mjini huku Pwani. Juzi jioni nikifunga kazi askari wawili wa kaunti wakanisimamisha, wakataka nifungue begi, halafu mmoja akaniambia nitoe simu aone mesej, nikamuuliza kwa nini akasema yeye ni serikali. Hiyo ni haki? Na kama angekuwa polisi je?

JIBU: Ndugu yangu, "mimi ni serikali" si jibu, na inaudhi sana kusikia mtu anaambiwa hivyo akitoka kutafuta riziki. Kanjo, yaani hao askari wa kaunti, kazi yao ni sheria ndogo za kaunti, mambo ya leseni, takataka, kuuza mahali hapajaruhusiwa, kwa hivyo leseni anaweza kukuitisha lakini mesej zako hazimhusu hata kidogo.

Polisi ndiye mwenye nguvu zaidi, lakini naye amefungwa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ile Sura ya 75, kifungu cha 26 kinamruhusu asimamishe na kupekua gari au mtu akiwa na sababu ya kushuku kuna mali ya wizi. Lazima sababu iwepo, si eti umebeba begi kubwa na giza limeingia. Akishakukamata hapo anaweza kukagua mifuko yako. Nyumbani kwako kwa kawaida aje na hati ya korti, ingawa sheria ya polisi ya 2011 inamwachia aingie bila hati kama ushahidi utapotea akisubiri, na lazima aandike sababu zake.

Sasa simu, na hapa ndipo watu wanaonewa sana. Katiba ya 2010 ibara ya 31 inalinda mawasiliano yako, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtaka polisi aende kortini kuomba hati ndio apekue data. Ukimfungulia mwenyewe ushamrahisishia, kwa hivyo mwambie kwa upole "sikubali", usivutane naye, shika jina au namba iliyo kwenye sare yake, halafu nenda kituo cha polisi uandikishe OB, kile kitabu cha kuandika matukio. Kama ni polisi peleka malalamiko IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia polisi, kama ni kanjo anzia kaunti yenyewe maana IPOA ni ya polisi pekee.

SWALI: Polisi mwanamume alitaka kunipapasa kwenye kizuizi cha barabarani, nilikuwa nimekaa kwa matatu. Naweza kukataa? Na hawa masoja, walinzi wa mlangoni wa supamaketi, je?

JIBU: Kataa dada, tena sema kwa sauti abiria wenzako wasikie. Kifungu cha 27 cha hiyo Sura ya 75 kiko wazi, mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake na kwa heshima, kama hapo hawana askari wa kike hiyo ni shida yao wamtafute. Soja naye anaruhusiwa na sheria ya ulinzi binafsi ya 2016 kukukagua ukiingia. Hutaki, rudi zako, atakuzuia kuingia basi.